Mtu wa Chaki Kwenye Jaruba la Bujonde

Picha ya chaki za rangi ina kasoro moja ambayo mteja huwa simwambii mapema: haishiki. Ni unga juu ya karatasi. Kidole kimoja cha mtoto kinaweza kuondoa milima yote ya Livingstone na kubakiza doa. Ndiyo maana kazi ya Jubilate haisafiri bila kioo. Mimi nauza vioo na fremu Kyela mjini, na kila akimaliza picha napanda bodaboda hadi Bujonde, kioo nimekibana mapajani, nikaifunge kulekule kwake.

Jubilate, au Mama Tumaini kama wanavyomwita majirani, ni mke wa Gwamaka. Analima mpunga na kakao. Hakusomea kuchora. Alikuwa akiwapikia wanafunzi uji, akaokota vipande vya chaki vilivyotupwa na walimu, akaanza kuvipaka kwenye karatasi za manila. Siku hizi rangi nyingi namletea kutoka Mbeya, ila kahawia na nyeupe anatengeneza mwenyewe: udongo uliochekechwa, maji mazito ya mchele, anaviringisha vijiti na kuvianika kando ya kakao yake.

Anachora kilichopo. Majaruba, migomba, barabara iliyokatwa na maji ya Aprili. Mwanzoni nilimshauri achore simba, simba wanauzika.

"Simba umemwona wapi Bujonde, Bwana Badru?"

"Sijamwona."

"Mimi pia. Basi atachorwa na aliyemwona."

Jibu hilo lilikaribia kumponza. Mwezi wa tano mwenye nyumba ya wageni kule Matema aliagiza picha ya ukumbini. Jubilate akachora shamba la mpunga linaloonekana kutoka mlangoni kwake, ukungu bado umelala juu ya maji, na katikati mtu mmoja analima. Nilipofika, picha ilikuwa juu ya kigoda uani ikisubiri kioo. Mbele yake alisimama Prisca, shangazi yake Gwamaka, mikono kiunoni.

"Mama Tumaini, huyu ni nani?"

"Mtu analima, shangazi."

"Shamba la nani?"

"La baba."

"Baba ana kibarua?"

"Hana."

"Haya! Na wewe mwenyewe unajisifu huchori usichokiona!"

Aliyekuwa akizungumziwa ni Mzee Ambilikile, baba mkwe wa Jubilate. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake. Nyumba nyingi zimelegeza mambo hayo. Ya Mzee Ambilikile haijalegeza. Akikohoa njiani, Jubilate anaingia migombani mpaka apite. Miaka kumi na moja wanaishi hivyo, na hakuna aliyewahi kumlaumu. Sasa shangazi alikuwa anasema amevunja heshima ya nyumba, tena kwa karatasi itakayotundikwa mbele ya wageni.

"Amfute," akahukumu. "Amfute mbele yetu, aombe radhi, yaishe."

Nilimvuta Jubilate pembeni. "Mama, futa. Mtu mwenyewe hazidi kidole changu cha mwisho. Mteja hatajua kama alikuwepo."

"Nikifuta nimekiri," akasema. "Kesho itakuwa nilimtazama, kisha nikaficha. Hilo litanifuata mpaka kwa wakwe wa binti yangu."

Hesabu yake ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Akarudi uani. "Shangazi, shamba lile liko mbele ya mlango wangu. Asubuhi akiwa humo nageuzia shingo upande wa mto, jioni upande wa kakao. Mtu usipojua aliko utamkwepaje? Nimemchora pale nisipotazama. Sijaiba kitu."

"Maneno ya mjini hayo!" Prisca akanyoosha kidole kuelekea karatasi.

Jubilate hakukimbilia picha. Alikaa palepale. "Gusa, shangazi. Nitamchora tena, na safari hii atakuwa mkubwa kuliko mlima."

Kidole kikabaki hewani. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa pembeni akichambua mchele, akainuka akaenda nyuma ya jiko alikokuwa mumewe. Akarudi na neno moja: mzee anataka kuiona.

Jubilate akaingia migombani. Gwamaka, aliyekuwa mlangoni muda wote, akaibeba picha kama mtu aliyebeba trei ya mayai, sisi nyuma yake. Mzee aliitazama mpaka nikaanza kuwazia mvua.

"Huyu si mimi," akasema.

"Kaka! Shamba lako, kofia yako!"

"Kofia kila mtu anayo. Tazama jembe, limepanda bega la kulia. Mimi nalima kwa kushoto, Prisca. Mama yetu alinichapa miaka yote ile, wewe ukicheka, nikakataa kubadili. Bujonde nzima inajua." Akamrudishia Gwamaka karatasi. "Huyu mwanamke hajawahi kuniona."

Alisema kama mtu aliyepunjwa. Prisca akaomba maji ya kunywa.

Mzee alipoondoka kuelekea shambani, nilimwita Jubilate atoke. Kesi imekwisha, nikamwambia, sasa geuza lile jembe, dakika mbili tu, picha iwe sahihi, nifunge kioo.

"Sigeuzi."

"Lakini unajua sasa kwamba ni kosa."

"Nimeambiwa, sijaona. Nikiligeuza, kesho wataniuliza nimejuaje. Likae. Weka kioo."

Shangazi alikuwa bado ana kikombe mkononi, akasikia, akamalizia maji yake. Nikapanga vijiti vyembamba vya mbao pembeni ili kioo kisiguse unga, nikalaza kioo, nikapiga misumari. Kuanzia hapo hakuna kidole kilichokuwa na kazi tena.

Picha iko Matema. Mwenye nyumba ya wageni amesifu ukungu, jembe hakulitaja. Jubilate ameshaanza nyingine, mlango uleule, shamba lilelile. Wiki iliyopita nilikwenda kupima fremu nikakuta sasa kuna watu wawili. Wa kwanza jembe lake bado liko bega la kulia. Wa pili amesimama juu ya tuta amejifunga kanga mbili, hana jembe, na kidole amekinyoosha.

"Huyu je," nikamuuliza, "huyu umemwona?"

"Huyu," akasema, "nimemtazama vizuri kabisa."