Jibu la Sebahire

Barthélemy Kabera alikuwa na kanuni moja, na aliishika kuliko watu wengi wanavyozishika zile kumi za Mungu: habari itangulie mguu. Maana yake ni kwamba mtu asiende kulala kwa mwingine kabla hajatuma neno, na asianze njia kabla neno la kumkubali halijarudi.

Hakuzaliwa nayo. Aliipata kazini. Tangu kabla ya vita kuu ya Wazungu alikuwa zamu, yaani mlinzi na mtunzaji, wa nyumba ya wasafiri ya serikali, juu ya kilima kidogo karibu na Mushaki. Maofisa na wapimaji wa ardhi waliopanda kutoka Sake kwenda Masisi walitanguliza mjumbe: tunakuja, tuko watu kadhaa, chemsha maji. Kabera alifagia, akapanga kuni, akatafuta maziwa kwa wafugaji. Aliyetanguliza mjumbe alikuta taa imewashwa na kitanda kimetandikwa. Asiyetanguliza hakuingia, hata kama vyumba vyote vilikuwa vitupu.

Sisemi kanuni ile ilikuwa mbaya. Nyumba ya umma isiyo na kanuni ni zizi. Lakini kanuni ni kama panga: ina kazi yake na mahali pake, na mtu mwenye akili halali nalo kitandani.

Siku moja ya mvua ya mawe alifika pale mama mmoja, Mukagasana, akiwa na mtoto mgongoni. Alikuwa anatoka Rubaya kwa miguu. Nyumba haikuwa na mgeni. Kabera akamwonyesha njia ya kijijini kwa mkono.

"Hapa ni kwa wale waliotuma habari, Mama."

Verdiane, mke wake, alikuwa anatwanga nyuma ya jiko. Akaja akamshika yule mama kiwiko, akampeleka kwenye kijumba chao wenyewe, akamkausha na kumpa viazi vya moto. Jioni Kabera alinung'unika.

"Yule hakutuma habari."

"Alituma," Verdiane akasema. "Alituma kwangu. Kilio ya mutoto njo ilikuwa mujumbe."

Kabera alicheka, kwa kuwa alimpenda mke wake na aliyapenda maneno yake. Lakini alicheka tu. Hakujifunza.

Kwa miaka yote ile, wawili hao walikuwa wakiwatazama wasafiri. Walitazama vitanda vya kukunja, mahema, masanduku ya sahani, na namna watu wale walivyoketi verandani na kusema: kesho tutaendelea, au tutabaki kidogo, mahali hapa ni pazuri. Neno hilo ndilo lililomchoma Verdiane. Yeye alikuwa ametembea sana maishani mwake, lakini kila safari ilikuwa na mzigo, au ugonjwa, au matanga. Hakuwahi kubaki mahali kwa sababu ni pazuri.

"Siku nitakapoacha kazi," Kabera alimwahidi, "tutasafiri kama wao. Polepole. Tutalala pale tutakapopenda."

Basi wakawa na mchezo wao. Jioni, baada ya chakula, Kabera alipanga mawe madogo sakafuni karibu na moto. Jiwe hili ni Masisi, kwa kaka yake. Jiwe hili ni ng'ambo ya Nyabiondo, pale msitu unapoanza, kwa Sebahire, rafiki yake waliyebatizwa naye siku moja. Jiwe lile ni kambi ya watengeneza barabara. La mwisho ni Walikale. Verdiane aliyasogeza kwa kidole, akasimama karibu na lile la msitu.

"Hapa tutakaa sana. Nasikia maji ya huko iko nyeusi kama kahawa, na haina uchafu. Nitaiangalia mpaka nishibe."

"Na tukichoka njiani, kabla ya kufika kwa Sebahire?"

"Tutaomba kwa mulango wa kwanza."

"Bila habari?"

"Papa Epiphanie! Bantu ya kule si bazungu."

Epiphanie alikuwa binti yao wa pekee aliyebaki hai. Aliolewa na Athanase, kijana wa kazi ya barabara, na kazi ikawahamishia Walikale. Kwa hiyo mawe yale, ambayo mwanzoni yalikuwa ya kujifurahisha, yakapata mwisho wake.

Kabera aliacha kazi mwaka wa hamsini na mbili. Bwana mmoja mpimaji, aliyelala pale mara nyingi, alimwachia kitanda cha kukunja, chenye kitambaa kilichotoboka upande wa miguu. Verdiane alikishona. Ruhusa ya kutoka katika teritware, yaani wilaya yao, ilipatikana bila taabu. Walijenga chini ya kilima, kando ya barabara, wakalima maharagwe. Msimu huohuo msafiri mmoja akaleta habari kwamba Epiphanie amezaa mtoto wa kike, naye ameitwa Annonciata.

Msimu huohuo pia, Verdiane alianza kugonga bega kwenye nguzo ya mlango. Alimwaga maji pembeni ya mtungi. Muuguzi wa dispensari alimtazama kwa taa, kisha akamwita Kabera nje.

"Papa, ugonjwa huu sina dawa yake. Macho ya Mama yanafunga kama mlango, kutoka pembeni kwenda katikati. Kama kuna kitu anataka kuona, aone sasa."

Kabera alimwambia mke wake kila neno. Hilo nampa sifa. Wako waume ambao wangeficha. Verdiane alisikiliza, akajifuta mikono kwenye kitenge chake.

"Bado minaona kati," akasema. "Ni kama muntu anachungulia kwa tundu ya mulango. Tundu iko inatosha uso wa mutoto. Twende, Papa Epiphanie."

"Tutaenda. Nitume habari kwanza."

Alituma. Neno lilikwenda kwa midomo ya wachuuzi na wabeba mizigo: je, nafasi ipo, tupokelewe lini? Jibu la Masisi lilirudi upesi: karibuni. Jibu la kambi lilirudi. Athanase naye alijibu kutoka Walikale kwamba mtoto amekwisha kuketi mwenyewe, na kwamba wamewatengea chumba. Sebahire peke yake ndiye hakujibu.

Kabera akatuma tena, na mara ya tatu. Wabeba mizigo walirudi wakasema wamemfikishia, amesikia, na ameitikia kwa kichwa tu.

"Ameitikia kwa kichwa," Verdiane akasema. "Unataka aitikie na nini tena?"

"Kichwa si neno. Labda ana mgonjwa. Labda ana kinyongo nami. Tukifika tukaambiwa hakuna nafasi, nitakurudisha wapi, msituni, na macho hayo?"

Mtu atauliza: je, hakuwa anamhurumia? Alimhurumia. Hilo ndilo linaloniudhi katika habari hii. Angekuwa mtu mkali au mchoyo, tungemhukumu na kumsahau. Alikuwa mume mwema aliyeogopa kufedheheshwa mlangoni pa mtu, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amefedhehesha wengi mlangoni, tena akiwa na haki ya serikali mkononi. Aliyewafukuza wengine hawezi kuamini kwamba yeye atakaribishwa.

Mwezi wa saba wa mwaka wa hamsini na tatu, vumbi likiwa jingi na barabara kavu, lori lilisimama mbele ya nyumba yao. Dereva alikuwa Callixte, mtoto wa jirani wa zamani, mcheshi, kofia nyuma ya kichwa. Alikuwa anapeleka chumvi na vitambaa Walikale.

"Mama Verdiane! Iko nafasi mbele, karibu na mimi. Papa atakaa juu ya chumvi, atafika amekolea vizuri!"

Verdiane alikuwa ameinuka kabla maneno hayajaisha. Alipapasa ukutani, akashika kifurushi chake ambacho tangu zamani kilikuwa kimefungwa.

"Unapitia kwa Sebahire?" Kabera akauliza.

"Napita pale na jua. Nikifika pale, injini inapumuzika, mimi pia. Sebahire haachi muntu apite na njaa."

"Hajatujibu bado."

Callixte alimtazama akidhani anatania. "Ajibu nini, muzee? Panda! Kule kwao muntu anajibiwa na sahani."

"Utarudi kupita lini?"

"Nikipata mzigo. Ao mvua ikianza, basi tena, ile daraja ya miti kule chini haipendi mvua. Mama, toa mukono."

Verdiane alitoa mkono. Kabera akaushika yeye, kwa upole, akaushusha.

"Kidogo tu, Mama Epiphanie. Wale wabeba mizigo wanarudi juma hili. Jibu linaweza kuwa njiani. Tutapanda safari ijayo, kwa heshima."

Alikuwa mwanamke wa zamani zake na hakubishana na mume wake mbele ya mtoto wa watu. Aliweka kifurushi chini. Callixte aliwasha injini, akainua kofia, na hakutania tena. Verdiane alisimama kando ya barabara akiugeuza uso wake lilikokwenda lori, mpaka vumbi lilipotulia. Sijui aliliona mpaka wapi.

Wabeba mizigo walirudi bila jibu. Mvua ikaja mapema. Daraja la miti likaenda na maji, na nusu ya barabara ikateremka bondeni, hata waendao kwa miguu wakawa wanazunguka milimani kwa njia ambayo hakuna mtu angempitisha mwanamke asiyeona vizuri. Tundu la mlango likawa dogo. Kwanza Verdiane aliona uso mzima wa mume wake, kisha jicho na pua, kisha akawa anaona mwanga tu pale moto ulipo. Alijifunza kuchagua maharagwe kwa vidole. Hakulalamika hata mara moja, na Kabera angependa alalamike.

Siku moja ya Kwaresima Verdiane aliuliza kama nje kumekucha. Jua lilikuwa juu ya paa.

Kabera alitoka akakaa nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuwa amefunga kitanda cha kukunja kwa kamba.

"Tunaondoka. Barabara imefunguliwa."

"Sebahire amejibu?"

"Hapana."

"Basi ngojea jibu yako, Papa Epiphanie," Verdiane akasema, bila ukali. "Mimi sina haraka tena."

Walikwenda. Wakati mwingine lori liliwabeba, na wakati mwingine walitembea, Verdiane akishika ncha ya kamba ya kitanda kama mtoto. Walikaa walipochoka, wakalala walipokaribishwa, na hakuna aliyewafungia mlango, hata pale ambapo hakuna aliyewajua. Ilikuwa safari ileile waliyoipanga kwa mawe. Walipofika kwenye mto wa maji meusi, Verdiane aliomba waketi.

"Iko namna gani?"

Kabera alitazama maji. Hakuwa mtu wa kusimulia vitu. "Ni meusi," akasema.

"Kama kahawa?"

"Kama kahawa."

Alishibishwa na hilo, au alijifanya kushiba.

Sebahire aliwaona wakiwa bado mbali, akaja njiani, mwindaji mrefu mwenye mvi na sauti ya kuita mbwa. Alipokea kitanda, akakikagua, akakitupa kando ya ukumbi wa wageni, kile kibanda cha wazi katikati ya kijiji ambamo mpita njia yeyote hulala.

"Umenibebea kitanda! Unaona mimi sina?"

"Kaka," Kabera akasema, "nilituma kwako mara tatu. Mbona hukunijibu?"

Sebahire alicheka. Kisha akaona kwamba mwenzake hacheki.

"Nijibu nini? Unauliza kama nafasi iko. Muntu anauliza ndugu yake ya ubatizo kama nafasi iko? Nikasema: Kabera amekaa sana na bazungu, ananitukana bila kujua. Nikanyamaza nisikutukane na mimi. Lakini nilitandika. Nilifunga kuku yenu kwa muguu, pale, siku ya mujumbe wa kwanza. Kuku ile imekuwa nyanya! Bajukuu yake njo hawa wananikulia mahindi." Akamgeukia Verdiane, akamnyooshea mkono. "Mama, karibu."

Mkono ukabaki hewani. Verdiane alikuwa anatabasamu upande mwingine, kule sauti ilikokuwa kwanza. Sebahire alimtazama Kabera, na Kabera akatazama chini. Hakuna aliyetaja tena jibu.

Walikale waliingia mchana. Epiphanie alikuja mbio, akamkumbatia mama yake, akalia alipoelewa. Annonciata alikuwa sasa anatembea na kusema. Walimweka mbele ya nyanya yake. Verdiane alinyoosha vidole, akaanza kwenye paji, akashuka taratibu kwenye nyusi. Mtoto, asiyemjua mgeni yule mwenye macho yasiyomtazama, alipiga kelele na kujificha nyuma ya mama yake.

"Mwache," Verdiane akasema. "Atanizoea." Akaikunja mikono yake mapajani. "Papa Epiphanie, anafanana na nani?"

Kabera alimtazama mtoto kwa muda mrefu. "Na wewe," akasema. Na ilikuwa kweli.

Walibaki Walikale mpaka mahindi mapya, na mtoto alimzoea. Verdiane alijifunza uso ule kwa vidole, akajua kovu dogo la kidevuni na jino lililochelewa. Hakuuona. Angeweza kuuona mwezi wa saba, kama angepanda kiti cha mbele cha lori la Callixte. Kanuni ya Barthélemy Kabera ilikuwa na gharama hiyo, na aliyeilipa si yeye.