Noreen na Springi Iliyogoma Kurudi

Noreen Tranter alikuwa amepima springi za breki kwa miaka thelathini na mmoja, katika kiwanda kimoja cha mji wa Redditch, Uingereza, na neno ustahimilivu alilijua kabla wakubwa hawajaanza kulitafuna. Mezani kwake lilikuwa na maana moja tu: mzigo ambao springi inaweza kuubeba na bado, ukiiachia, ikarudi ilivyokuwa. Ukizidisha hapo, hairudi. Kila aina ilikuwa na kipimo chake cha mwisho, kimebandikwa ukutani.

Februari wapimaji walipunguzwa kutoka wanne, wakabaki wawili, yeye na Dilys Pugh. Machi Dilys akaanguka kazini, mdomo umeenda upande, akabebwa hospitali. Noreen akaachiwa meza zote. Akaomba mtu wa kumsaidia. Meneja, Bwana Cotterill, akamletea mkufunzi wa ustahimilivu.

Mkufunzi mwenyewe, Piers, alikuwa kijana wa viatu vyeupe. Aliwakusanya wafanyakazi kantini, akawasha picha ukutani.

"Ustahimilivu ni uamuzi wako," alisema. "Kuweni kama springi zenu! Ukikandamizwa zaidi, unaruka juu zaidi!"

Noreen akaweka kikombe chini.

"Hebu rudia, mwanangu."

Piers akarudia, anatabasamu.

"Basi nifuate. Nanyi nyote, twendeni."

"Noreen, chai itapoa!" Kev wa ghalani akatania.

"Na ipoe!"

Kwenye mashine yake alitia springi mpya, akaibana mpaka kipimo cha mwisho, akaachia. Ikaruka, nzima. Akaibana tena, safari hii akapitiliza, akaendelea kubana huku akimkazia Piers macho. Alipoachia, springi ilibaki imefupika, imejikunja upande mmoja. Akamtia mkononi.

"Haya, ihubirie. Iambie iamue."

Piers akaigeuzageuza.

"Huyo ni Dilys," Noreen alisema, sauti imempasuka. "Mlimbana mkapitiliza, halafu leo mnatufundisha kuruka!"

Kabla ya saa sita Cotterill alikuwa na barua ya onyo. "Umemdhalilisha mgeni. Saini hapa, bibie."

"Sisaini upuuzi. Na kuanzia sasa napima meza moja. Yangu."

"Na hizo nyingine?"

"Kapime wewe. Wewe si mstahimilivu?"

Alitoka akachukua vibandiko vyekundu, na kila sanduku ambalo hakuligusa akalibandika: HAIJAPIMWA. Kufikia Alhamisi masanduku yalikuwa yameziba njia ya ghalani. Cotterill akamwamuru Kev avibandue vile vibandiko. Kev akaingiza mikono mfukoni.

"Hizi ni breki za watu, bosi. Bandua mwenyewe, uandike na jina lako."

Cotterill hakubandua. Lori lilisimama mlangoni siku mbili, mteja akapiga simu, akapiga tena. Jumatatu wapimaji wawili waliokuwa wamefukuzwa walirudishwa, na onyo halikutajwa tena.

Watu wakampongeza Noreen. Yeye hakuona la kupongezwa. Jumapili iliyofuata alikwenda kumwona Dilys, akamkuta dirishani, mkono wa kulia umelala pajani kama si wake. Noreen akamwambia kuhusu masanduku na lori. Dilys akacheka kwa nusu ya mdomo.

"Wa-wa-washenzi," alisema, neno zima likamchukua muda.

"Washenzi kabisa, shoga," Noreen akajibu, akaanza kumkatia keki vipande vidogo, kisu kikigonga sahani kwa hasira.