Tulimwambia Ni Maandalizi Tu

Mume wangu alikuwa fundi seremala hapa Mkuyuni. Alitengeneza milango. Mteja akija na mbao zake, alizigonga, akazinusa, akauliza zimekatwa lini na zimekaushiwa wapi, mpaka mtu anakereka. "Nakupa kazi, unanihoji kama polisi," walimwambia. Alijibu kwamba mlango ukipinda mwakani watamtafuta yeye, hawatazitafuta mbao. Naeleza hivyo ijulikane mtu tuliyemficha ukweli alikuwa mtu wa namna gani.

Jicho lake la kushoto lilianza kufifia. Yakafuata maumivu ya kichwa ya asubuhi na kutapika. Kipimo kilionyesha uvimbe kwenye utando wa ubongo. Haukuwa saratani, lakini ulikuwa unakua na unanyonya damu nyingi. Tulipewa rufaa ya Dar es Salaam, mimi na yeye, na kaka yake mkubwa anayeishi Sengerema akatufuata. Tangu baba yao afariki, kaka huyo ndiye msemaji wa familia. Posa anakwenda yeye, msibani anasimama yeye, na hospitali vilevile.

Daktari alipokuja kueleza, kaka alimwambia, "Mimi ndiye msemaji. Tuongee pembeni." Daktari akakubali. Hilo bado linanichemsha damu. Mwenye kichwa alikuwa kitandani, ana akili zake timamu, anasoma gazeti kwa jicho moja, na sisi tunaitwa chumba kingine kuambiwa habari za kichwa chake.

Daktari alieleza vizuri, siwezi kumsingizia. Alisema kabla ya kufungua fuvu watapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinenani, ufike hadi kichwani, kisha waizibe mishipa inayolisha uvimbe ili siku ya upasuaji damu isimwagike nyingi. Akasema kuziba kwenyewe kuna hatari zake. Kile wanachozibia kinaweza kukosea njia kikaziba mshipa wa ubongo, mtu akapooza au akapoteza usemi. Jicho linaweza kufa kabisa. Uvimbe ukikosa damu unaweza kufura au kuvuja. Haitokei kwa wengi, alisema, ila hutokea. Tena wapo madaktari wanaofungua moja kwa moja bila kuziba, na mgonjwa ana haki ya kuchagua.

"Umeelewa, mama?" akaniuliza.

Nilisema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa.

Kwenye korido kaka alisimama mbele yangu. "Shemeji, haya hatumwambii. Mgonjwa ukimtia hofu umemuua. Ni maandalizi tu, basi."

"Na akiniuliza?"

"Ni maandalizi tu."

Huku kwetu ndivyo tunavyofanya. Mgonjwa hubebewa habari zake kama mtoto anavyobebewa begi. Tunaita huruma. Mimi siiti hivyo tena.

Aliniuliza, bila shaka aliniuliza. Muuguzi alikuwa amemletea fomu na kalamu, kaka amesimama upande wa miguuni.

"Wamesema nini?"

"Wanaziba mishipa kwanza. Ni maandalizi tu."

Alinitazama. Miaka yote ile sikuwahi kumdanganya, hivyo hakuwa na sababu ya kunihoji kama alivyowahoji wateja. Muuguzi akamuuliza kama ameelezwa hatari zake. Kaka akadakia, "Tumeshamweleza." Mume wangu akatia sahihi, akasema, "Wakifungua wakakuta maranda, wasishangae."

Tulicheka. Mimi nilicheka.

Kisha nikamuuliza kama tumpigie mama yake, aliyeko Nansio. Alikuwa na mambo ya kumwambia, hakunieleza yote. Akasema, "Nitampigia siku ya operesheni yenyewe. Nikimuaga leo kwa maandalizi, halafu nimuage tena wiki ijayo, atadhani nakufa mara mbili."

Kaka alikuwepo na alisikia. Simu ilikuwa mkononi mwangu.

Alitoka kwenye kuzibwa akiwa hai. Mkono wa kulia haukunyanyuka, na mdomo ulifunguka bila neno. Alinitazama kwa lile jicho moja na nikajua anauliza nini. Siku ya pili ubongo ulivimba, wakamkimbiza chumba cha upasuaji. Hakurudi.

Inawezekana angekufa hata bila kuzibwa. Inawezekana angeelezwa yote na bado angesaini. Watu hunituliza kwa maneno hayo, kana kwamba ninagombana na mishipa. Daktari alisema hutokea, ikatokea. Ninachogombania ni ile simu.

Tulimzika Nansio. Siku ya kuanua matanga tulikuwa ndani, mama yake, kaka, mimi na shangazi wawili. Mama aliuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelishikilia tangu siku ya kwanza.

"Mwanangu alinikasirikia nini, hata asinipigie kabla hawajamgusa?"

Kaka akasema, "Hakutaka kukusumbua, mama. Ni mipango ya Mungu."

"Hakukukasirikia, mama," nikasema. "Hakujua. Daktari alitueleza sisi wawili kwamba anaweza kupoteza usemi. Tulimficha. Alikuwa anasubiri upasuaji ndipo akupigie."

"Shemeji, hayo si ya kusema mbele za watu."

"Hata kwenye korido ulisema hivyohivyo."

Alinyanyua mkono kunizuia. Mama akamtazama mpaka akaushusha.

"Wewe toka nje," alimwambia. Mzee yule mwenye mvi, aliyezoea kusimama mbele ya kila msiba, akainuka akatoka.

Mama akanigeukia. "Na wewe alikuuliza?"

"Aliniuliza, mama."

"Ukamwambia nini?"

Nikamwambia nilichosema.

Alijifunga khanga upya, polepole. "Basi na wewe toka."

Nilitoka. Kaka alikuwa amekaa kwenye benchi ukutani. Akasogea kidogo ili nipate nafasi. Sikukaa.