Nani Alikinyoosha Kitara cha Babu

Mpaka leo wapo watu hapa Wingwi wakiniona wanagongana viwiko: "Huyo ndo aliyeruka kitara." Nimenyamaza miaka mingi. Sasa basi.

Baba yangu alikuwa mhunzi, akifua majembe na miundu. Kaka yangu hakuupenda moto, alijiendea zake kuchuma karafuu, kwa hiyo mivukuto niliivukuta mie tangu sijavunja ungo. Mwanamke kuvukuta ilikuwa ruhusa. Kilichokatazwa ni kuruka chuma kilicholala chini. Walisema akikiruka, kitavunjika.

Ukutani kilining'inia kitara cha babu, upanga uliopinda kama mwezi mchanga, na ala yake ya ngozi imepinda vile vile. Kila bwana harusi wa ukoo wetu alikishika siku ya kwenda kwa mkewe. Baba alinifundisha kwa nini kimepinda. Zamani za kale, alisema, chuma kilikuwa laini, ukikirefusha kinalegea, ndo mana panga zikawa fupi na nene. Ilipopatikana feleji, chuma kigumu cha pua, wahunzi wakathubutu kurefusha na kupinda, maana makali yaliyopinda hukata yakiteleza. Mgongo wakauacha laini, makali wakayatia ugumu. Vitara vingine vikizamishwa majini hujipinda vyenyewe.

Wiki ya harusi ya kaka akaja ami yangu, mdogo wake baba, mpima karafuu wa Madungu. Bibi harusi alitoka huko huko kwao. Baba alikuwa kaenda Konde kuuza majembe.

"Watu wa Madungu watatucheka," ami akasema. "Upanga umekwenda kombo kama mkia wa mbwa! Vukuta, nikinyooshe."

"Ami, baba hajasema."

"Mtoto wa kike unajua nini chuma? Vukuta!"

Nikavukuta. Akakiacha motoni mpaka kikatoa cheche, dalili chuma kimeungua, akakigonga kikanyooka. Nikamuuliza, "Na ala je, ami? Utainyoosha nayo?" Nikala kofi. Kisha akakitumbukiza majini. Tii! Kikakatika vipande viwili.

Baba aliporudi, ami alikuwa wa kwanza kusema. "Binti yako kakiruka kitara. Kimemvunjikia miguuni."

"Mwongo!" nikasema. "Kakitia motoni, kakinyoosha!"

Baba akaokota kipande chenye mpini, akakiingiza alani. Kikakwama nusu, kimenyooka hakipiti. Akamtazama nduguye. Mie nikangoja aseme. Baba akachukua tupa, akakikata kipande kile kikabaki shubiri moja, kikaingia. Kaka akaenda Madungu na ala imejaa hewa.

"Nenda kapike," baba akaniambia. "Huyo ni ami yako."

Kwa hiyo aliyetiwa aibu nikawa mie! Mkosa akapewa kiti cha mbele kwenye pilau, na kwenye kiwanda nikafukuzwa, eti mkosi. Baba akavukuta mwenyewe mpaka kufa kwake. Lakini kipande cha ncha alikuwa kakisahau kwenye majivu. Nikakifunga kwenye kanga, nikakichomeka kwenye makuti ya paa.

Ami kafa, baba kafa. Mtoto wa kaka naye akataka kuoa, kaka akaitoa ala. Mke wa ami, ajuza sasa, akacheka mbele ya wanawake wote: "Mwekeni mbali shangazi mtu, asije akairuka na ala!"

Nikaenda zangu nyumbani, nikarudi na kanga yangu. Nikakiweka kipande juu ya ala, pale pale mkekani. Kipande kimenyooka kama msumari, ala imepinda chini yake. Nikasema, "Bi mkubwa, nielezee. Mguu wangu ulivunja. Je, na kunyoosha ulinyoosha mguu huo huo?"

Bi mkubwa akavuta ushungi wake usoni. Kaka akachungulia mlangoni, akakiona kipande, akakishika, akakilinganisha na ala kwa jicho mara mbili.

"Dada," akasema taratibu, "mbona hukusema?"

"Nilisema," nikamwambia. "Nilisema siku ile ile."