Mpigaji Mmoja Aliyepungua

Kuna watu wanaocheza ili washinde, na kuna Lyle Vandehey, aliyecheza ili asiwe wa mwisho. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mmoja wa watu kumi wa ligi ya kubuni ya besiboli, wote wafanyakazi wa zamani wa kiwanda kimoja cha karatasi kando ya Mto Fox, Wisconsin, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kutwaa kombe wala kulinusa. Nafasi ya saba kwake ilikuwa sherehe. Akipata ya nane alimshukuru Mungu na kwenda kuvua samaki.

Timu zao hazikuwa na uwanja wala jezi. Unachagua wachezaji wa kweli wa ligi kuu, na wanachokifanya uwanjani wiki hiyo kinahesabiwa kuwa chako. Wapigaji hawana taabu, ukishawapanga wanacheza kila siku, akikosa leo atapata kesho. Kichwa kinauma kwa warushaji wa kuanza. Mrushaji wa kuanza anashika mpira mara moja, kisha anapumzika siku nne, kwa hiyo akikuharibia Jumanne amekuharibia wiki.

Basi kila Jumatatu asubuhi Lyle aliketi jikoni na kalenda ya duka la mbegu, ile yenye visanduku vikubwa, akaandika kwa penseli nani anarusha lini na dhidi ya nani. Aliangalia upepo wa Chicago. Aliangalia joto la Texas. Aliwahi kumweka benchi mrushaji hodari kwa sababu alisoma kwamba mke wake amejifungua mapacha, na mtu ambaye hajalala, alisema, mpira wake hauna nguvu.

"Na wewe ulipopata mtoto ulikwenda kazini kama kawaida," mkewe Doreen alimwambia.

"Mimi n-nilikuwa nasukuma toroli, sirushi mpira."

"Mweke huyo mtu, Lyle. Mwoga wewe!"

Hakumweka, na yule baba wa mapacha akarusha mchezo mzima bila kufungwa hata pointi moja. Lyle hakujuta. Kwake yeye, mrushaji aliyekaa benchi ni mrushaji asiyeweza kukudhuru.

Ukimcheka, ngoja kwanza ujue alichokuwa anakikimbia. Kila Oktoba ligi nzima ilikula pamoja kwenye mkahawa wa kando ya mto, na aliyeshika mkia alisimamishwa mbele ya wote, akavishwa kofia ya karatasi za chooni (ndizo kiwanda kilizokuwa kikitengeneza) na kutoa hotuba ya majuto. Alitakiwa aungame upumbavu wake wote wa msimu kwa dakika zisizopungua tano, huku Butch Hietpas, msimamizi wa ligi, ameshika saa. Wengine walikuja na wake zao na watoto wao ili wasikose uhondo huo.

Na Lyle alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Hakikuwa kile cha kukwama neno moja kwa siku. Chake kilimshika koo, kikamkunja uso, na watu wema wakamalizia maneno kwa niaba yake, wakimalizia siyo. Simu hakupokea. Hotelini aliagiza kwa kuonyesha kidole. Kiwandani ndiko alikoishi kama watu wengine, maana mashine ya karatasi ilinguruma kiasi kwamba hakuna aliyesikia mtu, na wote walizungumza kwa ishara za mikono. Kwa mikono Lyle alikuwa msemaji hodari, mzaha wake uliwachekesha watu mpaka mwisho wa ukumbi. Kisha kiwanda kikafungwa. Akabaki na Doreen, na hii ligi. Alikuwa ameshaamua, bila kumwambia yeyote, kwamba siku akishika mkia hatakwenda kwenye karamu, na asipokwenda hatarudi tena, na hao watu tisa atakuwa anawaona msibani tu.

Msimu huu ulimwendea vibaya kuliko yote. Wapigaji wake wawili waliumia, mmoja akauzwa, na ilipofika wiki ya mwisho Lyle alikuwa na mechi ya mkia dhidi ya Marlys Gerrits, aliyeendesha forklifti ya kunyanyulia mizigo pale kiwandani kwa miaka thelathini na ambaye alichagua warushaji kwa kuangalia masharubu yao. Atakayeshindwa ndiye wa kumi.

Wiki ile Lyle alipanga warushaji kama mtu anayetega bomu. Kati ya sita aliokuwa nao, aliwaruhusu watatu tu. Wa Jumanne akarusha duru saba safi, na duru moja ni kuwatoa wapigaji watatu. Wa Jumatano akarusha saba, akafungwa pointi mbili. Wa Ijumaa alianza vizuri, na Lyle alimtazama kwenye televisheni ya baa wakati yeye na Doreen wakila samaki wa kukaanga, mpaka duru ya sita, wapigaji wawili wakiwa wameshatolewa. Doreen akasema twende, gari letu limewazibia watu njia. Lyle akaona amebaki mpigaji mmoja tu, huyo si wa kumshinda. Nyumbani akaandika kwenye kalenda: sita.

Saba na saba na sita ni ishirini. Ligi ilikuwa na sheria kwamba timu isiyofikisha duru ishirini kwa wiki inapoteza alama zote tano za urushaji, kati ya kumi za wiki. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili yake mwenyewe, baada ya mwaka ule aliporuhusu mrushaji mmoja wiki nzima. Ishirini zimetimia. Jumapili asubuhi alikuwa anaongoza kwa alama sita kwa nne, na kati ya hizo sita, nne zilitoka kwa warushaji. Alibakiwa na kijana mmoja tu, Quintero, wa kurusha saa tisa na dakika kumi mchana. Quintero alikuwa na mkono wa moto na kichwa cha maji. Lyle akamweka benchi, akanywa kahawa yake, akatoka kukata nyasi. Kwa mara ya kwanza tangu Julai alikuwa anapiga mluzi.

Simu ililia jikoni mara nne. Doreen alikuwa kwa dada yake. Lyle hata angeisikia asingeipokea, na watu wote walilijua hilo.

Saa tisa na dakika mbili gari la Marlys lilipanda ukingo wa barabara na kusimama nusu kwenye maua ya Doreen. Marlys akashuka, mwanamke mnene wa miaka sabini, akaja mpaka kwenye uzio akipiga kelele. Lyle, juu ya mashine yake ya kukatia nyasi, aliona mdomo unafunguka na kufungika tu. Akampungia mkono kwa adabu, akakata kona.

Ndipo Marlys akainua mikono yote miwili kama kiwandani. Kidole kimoja juu. Kiganja kikakata hewa chini ya kiuno. Kisha akajigonga kifua na kumnyooshea yeye. Kwenye mashine ya karatasi ishara hizo zilimaanisha: moja pungufu, yako, simamisha.

Lyle akazima mashine.

"Una duru kumi na tisa na wapigaji wawili!" Marlys alisema akihema. "Yule wa Ijumaa alimpa mtu wa mwisho njia ya bure bila kumtoa, kocha akambadilisha! Hukumaliza ya sita, we bwege! Umepungukiwa mmoja!"

"Ni-ni-nimeandika—"

"Umeandika kwa penseli! Tazama simu, mwanaume! Dakika nane, mchezo ukianza hubadilishi tena!"

Alikimbia. Miaka sitini na mitatu, goti bovu, na alikimbia. Simu ilisema kama Marlys alivyosema: kumi na tisa na theluthi mbili. Kwa haraka akamtoa benchi mtu siye, akamrudisha, akamgusa Quintero, na alipomaliza saa ya jiko ilikuwa saa tisa na dakika nane. Akakaa sakafuni.

"Ameingia?" Marlys aliuliza mlangoni.

Akaitikia kwa kichwa.

"Basi washa televisheni. Na kama kuna bia usinifiche."

Sasa Quintero alitakiwa kumtoa mpigaji mmoja. Mmoja tu, jambo ambalo mrushaji yeyote wa ligi kuu hulifanya kabla hajatoka jasho. Mpigaji wa kwanza alipiga mpira ukapita katikati. Wa pili akapewa njia ya bure. Wa tatu akaupiga mpaka ukutani, pointi mbili. Wa nne, njia ya bure tena.

"Huyu mtoto kalogwa," alisema Marlys.

Wa tano akapiga, pointi ya tatu ikaingia, na kocha akatoka kibandani akitembea polepole kuelekea kwa Quintero. Wapigaji watano, na hajatolewa hata mmoja. Kocha akiuchukua ule mpira, kijana anaondoka akiwa na sifuri, na Lyle anabaki na kumi na tisa na theluthi mbili zake, na kofia, na dakika tano. Aliwaona watu kama wameshaketi mbele yake.

Kocha akasema neno. Quintero akatikisa kichwa. Kocha akasema tena, akampiga kofi mgongoni, akageuka na kurudi mikono mitupu.

"Kamwacha!" Marlys akapiga meza. "Kamwacha, mungu wangu!"

Wa sita akaupiga mpira juu, juu sana, na chini yake watu watatu wakakimbizana wakipigiana kelele, mmoja akawasukuma wenzake, akaudaka.

Ishirini.

Lyle aliweka uso viganjani, na mabega yake yakaanza kucheza. Marlys alidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini na kucheka kulikuwemo. Yaliyofuata hayakuwa na neno. Quintero alitulia, akarusha duru tano, akafungwa pointi zile zile tatu, na wastani wa Lyle ukaharibika kidogo tu bila kumpotezea kitu. Ilipotimia saa kumi na mbili ligi ilikuwa imekwisha: sita kwa nne. Wa tisa, Lyle Vandehey. Wa kumi, Marlys Gerrits, aliyekuwa anamaliza bia ya tatu na soseji zilizobaki za Doreen.

Nafuu ile ilimjaa mpaka vidoleni. Alikuwa mwepesi, angeweza kukata nyasi za mtaa mzima. Na ilipotulia ndipo swali lilipomjia, la kijinga kwa kuchelewa kwake.

"M-Marlys. Ungen-n-n..."

Marlys alitafuna soseji yake akingoja. Hakumsaidia. Lyle akarudi nyuma, akaanza upya.

"Ungenyamaza, ungeshinda."

"Najua."

"Sasa kwa n-nini?"

"Kwa sababu nimekaa meza moja na wewe karamu kumi na nne," alisema Marlys, "na kila mwaka Butch akisimama kusoma jina la mwisho unabadilika rangi, hata mwaka ule uliposhika nafasi ya tano. Ya tano, Lyle! Nikajiuliza huyu anaogopa nini na jina lake halimo? Ikanichukua miaka mitatu kuelewa. Mimi si mwepesi."

Lyle akafuta meza kwa kiganja. Alikuwa ameamini kwamba siri yake iko mahali salama.

"Na mimi nikipewa dakika tano," Marlys aliendelea akijifuta mikono, "watanikalisha kwa nguvu. Mwambie Doreen samahani kwa maua."

Oktoba ikafika. Lyle alikwenda na Doreen, aliyekuwa amemsamehe Marlys maua lakini si soseji. Butch akasoma jina la mwisho, watu wakapiga makofi na miguu, na Marlys akasimama na kofia yake imekaa upande. Aliongea dakika ishirini na mbili. Aliungama masharubu. Aliungama yule mrushaji aliyemshikilia miezi miwili bila kujua kwamba amevunjika kiwiko, na yule aliyemchukua akimchanganya na kaka wa mrushaji huyo mwenyewe. Alikwenda wiki kwa wiki, Aprili, Mei, Juni, na watu wakacheka mpaka mhudumu akaweka sinia chini.

Alipofika Septemba Lyle alishika ukingo wa meza. Sasa atalisema, aliwaza. Upumbavu mkubwa kuliko wote wa msimu, kumkimbilia mpinzani kwa gari kumwokoa, nani angeacha kuchekesha watu na hilo? Na akilisema, Butch atauliza kwa nini, na watu wote watageuka kumtazama Lyle wakisubiri jibu.

"Na wiki ya mwisho," alisema Marlys, "nilishindwa. Lyle alirusha vizuri kuliko mimi. Basi."

Akavua kofia, akakaa, akaomba chumvi.

Lyle akamsogezea.