Mkristo wa Dirishani

Jumamosi alasiri nyumba yetu ilinuka vitu viwili visivyopatana: moshi wa kibuyu cha maziwa na mafuta ya bunduki. Kibuyu kilikuwa cha Mama Barisa, mwanamke wa Kiorma aliyetuletea maziwa kila baada ya siku mbili. Alikifukiza kwa vijiti vya mti alioujua yeye mwenyewe, hata maziwa yakawa na ladha ya kukaa kando ya moto, na akishayamimina aliniachia kibuyu nichovye kidole ndani na kulamba povu lililobaki. Bunduki ilikuwa ya serikali. Baba aliifungua juu ya gunia na kuipangusa kwa kitambaa kilichowahi kuwa gauni langu la Krismasi, na mimi, mtoto wa miaka tisa mwenye maringo, niliona ni heshima kubwa gauni langu kuajiriwa na serikali. Harufu hizo mbili zilikutana karibu na mlango. Hadi leo, nikipita karibu na gereji, natamani maziwa.

Tulikuwa wakulima, Wagiriama ambao babu zao walitoka kusini wakifuata udongo mweusi wa mto Tana, na kijiji chetu kilikuwa mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka kijiji cha Wema. Msimu ule mto ulipungua mapema. Mifugo ya Waorma iliteremka kutafuta maji, mahindi yetu yakakanyagwa, maneno makali yakasemwa pande zote mbili. Juu ya hayo, magari yalikuwa yakivamiwa na majambazi kwenye barabara ya Garsen. Hakuna aliyewajua majambazi wale, kwa hiyo kila mtu alidai anawajua. Wazee walianza kusimama ukingoni wakitazama moshi ng'ambo ya mto na kubishana kama ni moshi wa kupikia au wa kitu kingine. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sisi hatukuwa tumeumwa bado, lakini tulishashtukia mikoma yote ya delta inayotoa ung'ongo.

Ndipo chifu akaleta habari kwamba kijiji kitapewa polisi wa akiba mmoja, mwenye bunduki, na kwamba serikali inataka mtu asiyekunywa pombe. Kwetu, palipo na minazi na wagema hodari, sharti hilo liliwaondoa wanaume wote isipokuwa waliookoka. Kati ya waliookoka, mmoja alikuwa na mtoto wa jicho, mwingine alikuwa mwinjilisti wetu, na wa tatu alikuwa Baba. Kwa hiyo Baba alipata bunduki kwa sababu ya wokovu wake. Nimesoma vitabu vingi vya falsafa tangu siku hizo na sijakutana na kichekesho kinachokishinda hicho.

Mwinjilisti, mtu mwembamba mwenye sauti ya watu wanne, hakucheka. Alitangaza kwamba silaha haitaingia chini ya paa la kanisa. Baba alijibu kwa upole kwamba ameapa kutotengana nayo. Kila mmoja alikuwa na mstari wake wa Maandiko, na yote miwili ilikuwa ya kweli, jambo lililozidi kuwachosha. Mwisho walikubaliana: Baba atakaa nje, kwenye kigoda chini ya dirisha, bunduki mapajani. Kanisa lilikuwa la udongo na dirisha lake halikuwa na kioo, hivyo alisikia kila neno, aliimba besi kutoka nje, na siku ya meza ya Bwana alipokea mkate na kikombe kupitia dirishani, kama mtu anayenunua sukari dukani.

"Mama Kadzo," wanawake walimtania Mama, "mumeo siku hizi ni Mkristo wa dirishani?"

"Afadhali wa dirishani," Mama alijibu. "Wa kwenu yuko mnazini."

Hata Mama Barisa, ambaye Jumapili alipita nyuma ya kanisa kumsubiri Mama, alimcheka Baba usoni. "Baba Kadzo! Mungu yako nafukuza wewe?"

"Hajanifukuza. Amenifanya bawabu wake."

"Basi chunga vizuri. Mungu iko na ng'ombe mingi."

Nilichokiona mimi, na sikumwambia mtu, ni macho. Mwinjilisti aliposema tufumbe macho tuombe, nilichungulia kati ya vidole, na kila mara nilimwona Baba dirishani akiwa ameyafumbua, akitazama njia ya mtoni. Midomo yake iliitikia amina pamoja nasi. Macho hayakuitikia. Nilianza kumsaidia. Nilifumbua yangu katika kila sala, nikitazama upande asiouona, na nikaacha kusikia kilichokuwa kinaombwa.

Kisha ikafika Jumapili ya kubatizwa kwa mdogo wangu, Kahindi, aliyekuwa na miezi mitano. Wiki ile ilikuwa mbaya. Lori lilikuwa limechomwa barabarani, watu wawili walikuwa wamezikwa, na kulikuwa na uvumi kwamba zamu ya vijiji vya mtoni imefika. Mwinjilisti hata hivyo alishikilia kwamba baba mzazi lazima asimame mbele na kumshika mtoto mwenyewe, mikono yote miwili mitupu. Baba alisita sana. Mwisho alitundika bunduki kwa mkanda wake kwenye kijiti cha ukuta, nje, juu ya kigoda chake. Kwa dakika tano tu, alisema. Akaingia ndani akiwa ameinamisha kichwa, kama mgeni.

Tukafumba macho kuyaombea maji. Nami nilifumba, kwa mara ya kwanza msimu ule, kwa sababu Baba alikuwa ndani na nilidhani kazi yetu imekwisha. Mwinjilisti aliomba kirefu. Aliposema amina, tulifumbua macho, na dirishani alisimama mtu aliyejifunika kichwa na uso kwa mtandio, jua likiwa mgongoni mwake, ameshika bunduki ya Baba.

Sijui nani alianza. Najua kwamba mabenchi yalianguka, kwamba Mama alinikanyaga, na kwamba Baba alimtupia mwinjilisti mtoto na kuruka nje. Kufikia hapo Baba alikuwa ameinyakua bunduki, mtu yule akiwa amerudi nyuma hatua tatu, na kanisa zima lilikuwa linapiga kelele ya neno moja: "Piga! Piga!" Watu wale wale waliokataza bunduki isiingie chini ya paa walikuwa wanaiamuru kutoka ndani. Mwinjilisti alikuwa anasema piga, mtoto wetu kifuani mwake. Nami nilisema. Nilipanda juu ya benchi na kusema kwa sauti yangu yote.

Mtu yule alishusha mtandio. "Watoto," alisema Mama Barisa. "Watoto navuta hii. Mimi naondoa tu." Chini ya dirisha, kwenye kigoda cha Baba, walisimama watoto wawili wadogo wa jirani, mikono yao bado juu, wakinyooshea kijiti kilichokuwa kitupu. Kibuyu kilikuwa kimemponyoka. Maziwa yalichukua muda mrefu kuingia ardhini.

Baba alitoa risasi zote, akazitia mfukoni, kisha akamsindikiza Mama Barisa hadi ilipoishia njia ya mashamba yetu. Aliporudi alisimama mlangoni, hakuingia. "Nani alisema piga?" aliuliza. Tuliotamka hatukujibu, na hakuna ambaye hakutamka. Kahindi alibatizwa mwezi uliofuata mikononi mwa Mama, Baba akiwa nje. Mama Barisa hakurudi. Baba aliuliza swali lile tena nyumbani, mara moja tu, akinitazama. Nilikuwa namenya muhogo. Niliendelea kumenya. Alikufa bila kujibiwa.

Nimeandika baadaye, kwa lugha ya chuo kikuu, kurasa nyingi kuhusu amani katika delta, zenye tanbihi ndefu kuliko maelezo, na hakuna hata moja iliyotaja benchi nililopanda. Kahindi sasa ni mchungaji Garsen. Kanisa lake lina geti la chuma na askari mwenye bunduki, na hakuna anayeona ajabu. Mwaka huu alinipigia simu: amepata leseni ya bastola, anataka baraka za dada yake mkubwa.

"Baba alishika bunduki, dada. Na nani alimshinda kwa imani? Si ndiye alimzuia yule mama aliyekuja kuiba?"

Hivyo ndivyo kijiji kilivyomsimulia. Nikamweleza ilivyokuwa, hadi kwenye lile benchi.

"Pole, dada," alisema. "Lakini kama angekuwa mtu mwingine?"

Swali hilo Baba pia alikuwa nalo, ndiyo maana alikaa nje.

Jumapili iliyopita nilikwenda kumsikiliza. Joto la Garsen lilikuwa la kuchemsha mawe, na mchungaji alikuwa amevaa koti. Alihubiri vizuri kuliko mwinjilisti wetu wa zamani. Kisha akasema tufumbe macho, na watu wote wakainama. Mimi nilichungulia, kwa mazoea. Ndugu yangu alikuwa akiomba, sauti yake tulivu, na macho yake yalikuwa wazi, yakitazama mlango. Yakakutana na yangu. Wakati huo huo mtu akagonga geti huko nje, mara tatu, kwa haraka. Tuligeuka pamoja, mkono wake ukaingia ndani ya koti, nami nikafungua kinywa, nikiwa sijui ni neno gani litakalotoka.