Kasha la Watu Walioko Njiani

Mama mkwe wangu hakuziita hela, aliziita watu. Alikuwa akishuka darini macho yakimtoka machozi kwa moshi, anasema watu wote wazima, kisha anakaa kumenya viazi kana kwamba hakusema jambo la ajabu. Mimi nilikuwa mgeni katika nyumba ile ya kijijini Kifanya, nimefunga ndoa kanisani juzi tu, na maneno yale yalinisisimua mwili. Sikuuliza. Mkwe haulizwi hovyo.

Baadaye nilielezwa. Kila mwanamume wa ukoo ule aliyekwenda kazi ya mbali aliacha hela moja nyumbani. Aliing'ata kwanza, kisha akamkabidhi mama mkwe, au aliyezitunza kabla yake. Akirudi, aliichukua kwa mkono wake mwenyewe. Mwingine haruhusiwi kuigusa. Na maadamu hela yake ipo, mtu huyo yuko njiani. Humo darini mlikuwa na rupia za Mjerumani, za wapagazi waliochukuliwa na vita, ambao wake zao walikwisha kuzeeka na kuzikwa. Hata hao, alisema mama mkwe, wako njiani. Alinieleza hayo asubuhi ya ukungu, barabara haionekani, nami nikatamani anyamaze.

Mume wangu aliacha shilingi ya simba. Nilimsindikiza hadi Makambako, kwenye kambi ya manamba, akapanda lori la kwenda mashamba ya mkonge. Alikuwa mtu wa mzaha. Aliniambia nisije nikainunulia chumvi shilingi yake. Nikacheka, nikarudi peke yangu. Tangu siku hiyo watu wale wa darini wakawa wangu pia.

Walikaa katika kibuyu juu ya jiko, pamoja na mahindi ya mbegu, kwa kuwa kilichokaushwa na moshi hakiozi. Kisha nyumba ya jirani ikashika moto. Paa la nyasi, mbegu, blanketi, vyote vikateketea kabla maji hayajafika. Mama mkwe alikwenda kutoa pole, akarudi na kukishusha kibuyu siku ile ile. Alikipakata kutwa nzima, asipike wala asilime, akisema lazima tupate mahali pa kuwaweka watu hata miaka ijayo.

Mimi nilipendekeza tukiweke ndani ya chungu, tukifukie. Alinitazama.

"Mwanangu, anayefukiwa ni nani?"

Nikaona aibu. Nikataja kabati la kanisa, lenye kikombe cha ushirika. Lakini mchungaji angeuliza hela zile ni za nini, na hapo ama tungesema uongo kanisani, ama tungesema kweli na kutengwa. Mama mkwe alikuwa Mkristo mzuri. Hakutaka kumpa mchungaji kazi ya bure.

Tukaenda Njombe mjini kwa Mhindi mwenye duka, aliyekuwa na kasha la chuma. Alitupokea vizuri. Alisema hela za kukaa muda mrefu zinataka mahali pakavu, zisilale juu ya ngozi wala mbao mbichi, na chupa ya kioo yenye kifuniko ingetosha. Mama mkwe alichungulia kasha lile, akaona fedha za mauzo zimelundikana. Akanivuta upindo wa kanga. Njiani alisema watu wake hawawezi kulala na fedha zinazoingia na kutoka kila siku; wangesahau njia. Chupa nayo aliikataa, maana mtu aliye safarini haanikwi akatazamwa na wapita njia.

Mwishowe fundi seremala wa kijiji cha Yakobi alitutengenezea kasha la mbao nzito, lenye kufuli mbili. Miguu yake tuliisimamisha ndani ya makopo ya majivu, mchwa wasipande. Ndani mama mkwe alitandika ngozi ya kondoo iliyolainishwa kwa maji ya magome ya miwati. Kwetu kitu cha thamani hulazwa juu ya ngozi: mtoto mchanga, mgeni, mgonjwa. Hatukufikiria kitu kingine. Aliwapanga watu mmoja mmoja, wasigusane, akiwataja kwa sauti ya chini. Ufunguo mmoja aliuvaa shingoni, wa pili akanivika mimi, ili pasiwe na mtu wa kufungua peke yake.

Masika yakaingia. Kasha likaanza kutoa harufu kali, ya chuma na kitu kichachu. Alasiri moja nilikuwa napukuchua mahindi, nikasikia ndani ya kasha hela ikigonga hela nyingine. Mara moja tu. Mama mkwe alikuwa bondeni akichimba viazi, nilimwona. Kondoo waliokuwa wakitafuna nje waliacha kutafuna. Nilikaa na gunzi mkononi hadi aliporudi, wala sikumwambia.

Mvua zilipokwisha tulifungua. Maji ya miwati yalikuwa yamewala watu wetu. Kila hela imeota kijani, nyuso za wafalme zimevimba, nyingine zimegandamana na ngozi. Mama mkwe aliwapangusa kwa kidole akiwapa pole. Halafu akasimamisha mkono. Pale alipolala mume wangu palikuwa na duara tupu, safi, ngozi kavu haina hata doa.

Tuliikung'uta ngozi, tukapapasa pembe zote za kasha. Kufuli zote mbili zilikuwa nzima.

"Ameichukua," alisema mama mkwe.

Nilimwambia ni mwizi. Akaniuliza ufunguo wangu ulitoka shingoni lini. Haukutoka hata siku moja.

"Basi ni mwenyewe. Amefika, mwanangu."

Jioni alipika ugali na majani ya maboga, akaweka kigoda cha tatu. Nilikula nikikitazama kigoda kile. Waliobaki tuliwahamishia katika chupa ya kioo.

Haukupita muda mrefu, akaja mtu kutoka Makambako, mmoja wa waliopanda lori lile. Alibeba blanketi la mume wangu. Alisema ilikuwa homa, wakati wa masika, na wamemzika huko huko mkongeni. Mama mkwe alimsikiliza kama mtu anayeletewa habari za zamani, akamkaribisha togwa.

Nililia mpaka majirani wakaogopa. Walidhani ni majonzi, na majonzi yalikuwepo, lakini zaidi ilikuwa hasira, na mpaka leo nikiwa mzee haijaniisha. Nyumba ile ilikuwa na mlango mmoja, na alasiri ile ya mahindi nilikuwa nimekaa kizingitini. Alinipita akiingia. Alinipita akitoka na shilingi yake. Hakunisalimia.